Fataki Huvikwa Mwisho, Huvuliwa Kwanza

Ndugu mkulima wa Bunju, Mabwepande, Mbagala na Chamazi,

Nguruwe mwitu achimbuaye muhogo wako ni adui wa kweli, wala simlaumu mwenye gobore la leseni, kama ilivyoagiza sheria ya silaha ya mwaka 2015, akililinda shamba lake. Lakini ninalo neno juu ya fataki.

Wako wakulima waliozoea kuivika fataki tangu jioni, wakailaza nyundo ya mtambo juu yake, wakaliegemeza gobore ukutani, ili nguruwe wakija usiku wasikawie. Desturi hii naipinga kabisa. Fataki ni kikombe kidogo cha shaba chenye dawa iwakayo kwa kugongwa tu. Nyundo ikiwa imeilalia, gobore likianguka, au mtoto akiigonga, moto hupita katika tundu la kifa ukaifikia baruti. Hata kuiweka nyundo nusu si salama, kwa maana jino la mtambo lililolika huteleza.

Hoja yao ni kuokoa wakati. Lakini kuvika fataki ni kazi ya kitambo kidogo. Nguruwe hawezi kumaliza shamba kwa muda huo.

Basi shindilia baruti na risasi kwanza, mdomo wa kasiba ukiwa mbali na uso wako. Fataki uivike mwisho, ukiisha kufika shambani. Ukitaka kuivua, elekeza mdomo mahali pasipo mtu, vuta nyundo kwa kidole gumba hata nusu, uondoe fataki kwa vidole, wala usiibandue kwa kisu. Kisha pangusa kifa, kwani chembe ya dawa yaweza kubaki. Fataki ikilia na gobore lisilie, ngoja dakika mbili bila kugeuza mdomo, maana huenda baruti inachelewa kuwaka. Tena gobore lililovuliwa fataki bado lina baruti na risasi ndani. Usiliite tupu, wala usimwachie mtoto.

Kumbuka pia ya kuwa Mbagala ya leo si pori. Nyumba zimekaribiana, na risasi haijui mpaka wa shamba. Ikiwa nyuma ya nguruwe pana nyumba ya jirani, usipige. Afadhali boma la miiba na kulinda kwa zamu.

Watu husema ajali haina kinga. Ajali hii inayo, nayo ni vidole vyako viwili. Muhogo ulioliwa hupandwa tena msimu ujao. Mwana aliyepigwa risasi harudi.