FUNDI WA NYUMBANI: Weusi wa Plastiki Hauletwi na Oili Chafu

Apitaye barabara za vumbi za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi ya Uganda, hakosi kukutana na pikapu kuukuu zilizosheheni magunia. Makazi hayo, yaliyomo katika Wilaya ya Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958. Wakazi wake hupewa vipande vya ardhi walime mahindi na maharagwe, na mazao yanayouzwa Mbarara hayana budi kupakiwa garini. Injini za pikapu hizo bado zaguruma vyema. Lakini bampa, madigadi na vifuniko vya vioo vya pembeni, ambavyo zamani vilikuwa vyeusi tii, sasa vina rangi ya majivu.

Kisa chake ni jua. Mbarara iko karibu na mstari wa Ikweta, kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua la mahali kama hapo ni kali. Bampa nyingi za plastiki hutengenezwa kwa polipropilini iliyotiwa masizi laini ili iwe nyeusi na istahimili jua. Hata hivyo, miaka ikipita, mionzi isiyoonekana kwa macho huivunjavunja plastiki ya juu kabisa. Uso wake hukwaruka, ukajaa vijishimo vidogo mno vinavyotawanya mwanga, na jicho likaona kijivu. Ushahidi ni mwepesi: imwagie maji bampa iliyopauka, nayo itarudia weusi wake papo hapo, kwa kuwa maji yamejaza vile vijishimo. Ikikauka, kijivu hurejea.

Mfano ufuatao utamfaa kila mwenye gari la namna hii. Askari polisi mmoja mstaafu wa Mbarara aliazimia kuuza pikapu yake ili apate karo ya mtoto. Mnunuzi, mfanyabiashara Mkongomani wa Nakivale, alikuwa aje kesho yake asubuhi. Kijana wa jirani akatoa shauri: "Mzee, pakaza oili chafu tu. Itang'aa mpaka kesho jioni."

Mke wa mstaafu aliyasikia hayo akiwa uani. "Na keshokutwa je?" akauliza. "Wewe mwenyewe ulipokuwa kazini, buti ulizipiga rangi kabla ya kuzifuta vumbi?"

Mama huyo alikuwa na haki. Oili iliyokwisha kutumika katika injini ina chembe za chuma na sumu zidhuruzo ngozi, hasa ya watoto wapendao kusaidia kuosha gari. Mpira wa milango ukiguswa na oili hufura na kulainika. Zaidi ya hayo, vumbi la barabarani hunata juu yake, na baada ya safari moja bampa huwa chafu kuliko awali. Petroli nayo isitumike kuoshea. Moto wake hauna simile. Dawa ya viatu huchuruzika mvua inyeshapo, ikachafua rangi ya mwili wa gari.

Njia iliyo bora ni hii. Gari liwekwe kivulini mpaka plastiki ipoe. Ioshwe kwa sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu, kwa brashi laini, kwani vumbi hukaa ndani ya vinyweleo vya plastiki ambako kitambaa hakifiki. Alama nyeupe zilizoachwa na nta ya kung'arishia gari zisuguliwe kwa mswaki mkuukuu wenye spiriti kidogo, baada ya kujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kuosha kurudiwe mpaka kitambaa cheupe kitoke safi, kisha plastiki iachwe ikauke kabisa.

Hapo mwenye gari achague. Mafuta ya silikoni yauzwayo kwa kazi hii hupakwa kidogo sana, kisha hufutwa. Weusi wake hudumu majuma machache tu. Yasiguse breki, usukani wala pedeli, kwa maana huteleza. Wako mafundi watumiao kipulizia cha hewa moto: plastiki hulainika kidogo juu na weusi hurudi, lakini mkono ukisita mahali pamoja bampa hupindika, na baada ya muda jua hulirudia lile lile. Moto wa jiko au wa taa usijaribiwe kamwe.

Atakaye kazi ya kudumu na apake rangi. Plastiki ikwaruzwe kwa msasa laini, ifutwe vumbi, ipakwe kwanza rangi ya msingi ya plastiki, kwani polipropilini haishiki rangi ya kawaida. Kisha rangi nyeusi ipulizwe mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba, kila mara ikiachwa ikauke. Taa na mwili wa gari vifunikwe kwa magazeti makuukuu.

Mstaafu na mkewe walianza kuosha jioni ile. Tope lilipotoka penye pembe ya bampa ya mbele, ukaonekana ufa, urefu wa kiganja, karibu na bolti. Mstaafu aliutazama kwa muda. Aliikumbuka karo, akalitazama na lile kopo la oili lililokuwa pale pale.

"Ukiuficha, atauona Nakivale," mkewe akasema, "na jina lako litakuwa limeshafika huko kabla ya gari."

Asubuhi mnunuzi alipofika, gari lilikuwa kavu na safi. Plastiki yake ilikuwa imepakwa silikoni nyembamba, na ule ufa uliachwa wazi. Mstaafu aliuonyesha mwenyewe kabla ya kuulizwa. Mnunuzi akapitisha kidole juu yake, akatazama chini ya gari, akasikiliza injini. "Afande," akasema, "ikiwa ufa umenionyesha, basi na habari za giaboksi nitaziamini." Alipunguza bei kidogo, wakapeana mikono. Karo ilipatikana, ingawa mstaafu alilazimika kuongeza kiasi kutoka katika akiba yake.

Anunuaye naye ajilinde. Gari lisitazamwe likiwa limelowa, kwa kuwa maji hufanya kila plastiki nyeusi. Achukue kitambaa cheupe akisugue penye bampa. Kikitoka na mafuta meusi, aulize yamepakwa lini, na kwa nini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndoo ya maji ya sabuni ni rahisi kuliko bampa mpya, nayo humwonyesha mwenye gari, kabla ya mtu mwingine yeyote, kile anachokiuza.