Jile ya namba hailinde mugongo

Wandugu wamotari wa Lubero, Butembo na Beni, na ninyi raia munaopanda nyuma yao kila siku,

Kila mara usalama unapoharibika katika miji yetu, wakubwa wanakumbuka motari. Amri inatoka: motari avae jile, jile iwe na namba, asiye nayo moto yake inakamatwa. Hatukatae kutambulika. Mwizi anatumia moto, muuaji anatumia moto, na abiria ana haki ya kujua ni nani anamubeba. Lakini tuseme ukweli: ile jile ni kitambaa tu. Inasaidia Leta ikujue, inasaidia kodi ikufikie, na kama iko na rangi ya kungaa inasaidia gari ikuone usiku. Ukianguka, inapasuka mbele ya ngozi yako. Na bado hatujasikia mukubwa mumoja akiuliza: kifua na mugongo wa huyu kijana vinalindwa na nini?

Vinalindwa na koti. Analivaa mbele-nyuma, zipu ikiwa mugongoni, juu ya baridi ya asubuhi. Njo kinga yote aliyo nayo.

Kuna watakaotucheka: « Watu wanachinjwa, na ninyi munatuletea habari za plastiki za Wazungu. » Tunajua kama watu wanachinjwa. Tunazika wetu huko Beni tangu Oktoba 2014, na tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi uliosemwa utamaliza mambo hayo. Lakini Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa 6 mwaka 2024, na familia zikapanda kuja Lubero na Butembo, ni nani aliyebeba wazee na matela? Wakati wa Ebola, 2018 mupaka 2020, pale gari ilikwama ni nini iliyopita? Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku huko Bapere hangojee ambulansi, anatafuta motari. Vita haiondoe jambo hili, inaliongeza.

Na wengi wa hao wamotari ni sisi wenyewe, wenye diploma. Ulisoma sheria, ulisoma uchumi, ulipeleka barua za kuomba kazi mupaka ukachoka, sasa unaazima moto ya kaka siku mbili kwa juma. Wanasema tujitafutie. Sawa, tunajitafutia, lakini tunataka kurudi nyumbani tukiwa wazima.

Tuangalie namna mutu anaumia. Kwenye barabara ya Manguredjipa wakati wa mvua, au ukishuka Masereka na magunia ya viazi nyuma, gurudumu ya mbele inaingia katika mufereji wa matope. Moto inasimama, mwili hausimame. Kifua kinakutana na usukani, tumbo linakutana na tanki, kisha abiria na gunia vinakufuata kutoka nyuma. Kaske inalinda kichwa, na hatutaacha kusema kila mutu aivae, lakini kaske haifike kwenye mbavu. Mwenzetu mumoja, licencié kama sisi, alivunjika mbavu hivyo hivyo, kaske yake ikiwa nzima. Mbavu zilipona. Alibaki kitandani majuma mengine juu ya fakitire.

Sasa kuna kinga za mugongo, ambazo wauzaji wanaita dorsale, na kinga za kifua. Zimeanza kuonekana katika maduka, na hapo njo uongo unaanza. Muuzaji anagonga plastiki na ngumi, « sikia, ni nguvu! », na wewe unatoa dola. Ndugu, usisikilize ngumi yake. Angalia alama ndani.

Kinga ya kweli ya mugongo inaandikwa EN 1621-2. Ya kifua ni EN 1621-3. Pembeni kunakuwa picha ndogo ya mutu juu ya moto, na namba 1 ao 2. Hizo ni kanuni za Ulaya, lakini viwanda vya China pia vinazifuata vikitaka. Kwa ya mugongo, jaribio liko hivi: wanaangusha chuma cha kilo 5 juu ya kinga, kwa nguvu ya jule 50, ni kusema karibu kama kukiachilia kutoka urefu wa metre 1. Kisha wanapima ni nguvu gani imepita upande wa pili. Ya namba 1 isipitishe zaidi ya kilonyutoni 18 kwa wastani. Ya namba 2 isipitishe zaidi ya 9, ni kusema nusu. Kwa hiyo namba 2 ni nzuri kupita namba 1. Tunalisema juu wengi wanafikiri 1 ni ya kwanza kwa ubora, kama daraja ya mutihani.

Utaona pia herufi. FB inafunika mugongo wote. CB ni katikati tu. LB ni kiuno peke yake. Na usinunue kwa kuangalia wewe ni munene ao mwembamba: pima kutoka chini ya shingo mupaka kiunoni. Ivae, funga mikanda, kisha kaa juu ya moto, juu mwili ukiwa umeinama hauko sawa na ukiwa umesimama. Ikisukuma kaske kutoka nyuma, ni ndefu. Ikizunguka mwilini, siku ya kuanguka haitakuwa mahali pake. Kwa wa Butembo na Lubero joto si sababu ya kukataa. Baridi ya hapa tunaijua. Anayeshuka Kasindi atafute yenye matundu.

Zile gamba ngumu za plastiki zinazofanana na za mashindano ya moto za porini, nyingi ziliundwa kukinga mawe yanayorushwa na gurudumu ya mwenzako. Ziko na kanuni yake, EN 14021. Jiwe dogo si sawa na kuanguka juu ya mwamba. Na koti la moto la mitumba lenye kipande cha sponji nyuma: chomoa hiyo sponji, tafuta alama. Mara nyingi hakuna. Ni matela tu, iliwekwa ijaze mufuko.

Tena, muuzaji akikuambia kwamba na hii huwezi kuvunjika, anadanganya. Uti wa mugongo unaweza kuvunjika kwa kupindika, na hapo kinga haifanye mengi. Inapunguza pigo. Ikipata pigo kubwa mara moja, ibadilishe hata kama haionyeshe ufa.

Nani atalipa? Mwenye moto anataka pesa yake kila jioni. Tairi ikiisha anaibadilisha, lakini motari akiisha anatafuta motari mwingine. Kwa hiyo tunasema wazi: anayekodisha moto atoe kinga pamoja na kaske, kama vile anavyotoa funguo. Wafanyabiashara wetu wa Butembo wanajua njia ya Guangzhou na Dubai, wanajua Mombasa na Mpondwe kuliko sisi. Walete zenye alama. Duane ya Kasindi isiziandike kama nguo za fasheni. Ziwe vifaa vya kuokoa maisha, zipite bila kodi, na hilo libandikwe ukutani kila mutu asome. OCC, ambayo kazi yake ni kupima ubora wa vitu vinavyoingia, ifungue makarton iangalie alama.

Vyama vya wamotari navyo visingojee. Katika kila parkingi muko likelemba. Zamu moja kwa mwezi inunue kinga, kuanzia na wale wanaofanya njia ndefu.

Na wakubwa wakitaka tena kutuuzishia jile mupya, tutauliza kwanza: ndani kuna mufuko wa kinga ya mugongo na wa kifua? Kama hakuna, wairudishe kwa mushonaji. Ikiwa nayo, namba wataandika juu yake, kubwa namna wanavyopenda.