Vanishi na Umri wa Picha

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Si ajabu basi kwamba mwenye studio anapomhakikishia mteja kuwa vanishi itaifanya picha ya harusi idumu milele, mteja hulipa bila ya kuuliza: vanishi hiyo huikinga picha dhidi ya adui gani?

Hapo kale jawabu lilikuwa bayana. Baada ya Frederick Scott Archer kutangaza mbinu ya kolodioni mnamo mwaka 1851, wapigapicha walivipaka vioo vyao vanishi ya sandaraki na mafuta ya lavenda, maana utando wa fedha ulichubuka upesi. (Sandaraki hiyo ni utomvu wa mti wa Afrika Kaskazini. Sandarusi ya pwani ya Afrika Mashariki ni nduguye wa jina tu, ingawa nayo katika karne ya 19 ilisafirishwa kutoka Zanzibar hadi Salem, Marekani, kwa ajili ya vanishi.)

Leo karatasi ni nyingine na maadui ni wengine. Picha iliyochapwa kwa printa ya wino kwenye karatasi yenye vitundu vidogo mno huvamiwa na ozoni iliyomo hewani, na rangi za kuyeyuka zaweza kufifia katika miezi michache. Hapa vanishi ina tija, kwani huviziba vitundu hivyo. Lakini picha za rangi zilizosafishwa kwa kemikali, mfano wa zile zilizojaa katika albamu za miaka ya 1970, huliwa na joto na unyevu hata gizani. Kuzipaka vanishi ni kufunga mlango ilhali mwizi yumo chumbani. Hata vanishi inayochuja miale ya urujuanimno haitoshi, kwa kuwa mwanga wa kawaida nao hufifisha rangi.

Lililo zito zaidi ni kwamba vanishi haiondoki kwa urahisi. Zile za nitrati ya selulosi, zilizotumiwa na baadhi ya studio katika karne ya 20, hugeuka manjano kadiri miaka inavyosonga, na kiyeyushi cha kuziondoa chaweza kuiharibu picha yenyewe. Ikiwa ndiyo picha pekee iliyosalia ya nyanya aliyefariki, hasara hiyo haifidiki.

Wenye studio hawana budi kumweleza mteja aina ya karatasi na wino kabla ya kumtajia bei ya vanishi. Katika nyumba ya Mombasa, ambako unyevu huweza kuigandisha picha kwenye kioo cha fremu, ukingo wa kadibodi isiyo na asidi unaoitenga picha na kioo, pamoja na ukuta usiopigwa na jua, hufaa zaidi. Navyo vyaweza kubadilishwa wakati wowote pasi na kuidhuru picha.