Kuegesha Gari si Kulitunza

Imeenea imani miongoni mwa wapenda magari wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kwamba saluni ya spoti yenye gia za mkono, yaani gari la milango minne lenye injini ya nguvu na klachi inayokanyagwa kwa mguu wa kushoto, si gari la kila siku, na kwamba mwenye nalo akitaka lidumu hana budi kulifunika turubai kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, aende kazini kwa kigari cha otomatiki, kisha alitoe Jumamosi jioni lioshwe, lingurume kidogo na lirudishwe kivulini. Imani hiyo huvaa sura ya busara kwa sababu inafanana na kuweka akiba, lakini kilomita zisizotembewa haziwekwi benki zikazaa riba. Magari mengi ya aina hii hufa kwa kusimama wiki nzima bila huduma na kisha kuteswa saa moja, wakati gari la namna hiyohiyo linaloendeshwa kwenda kazini kila asubuhi na kupelekwa gereji kwa kalenda hudumu kuliko lile la turubai.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni Subaru Impreza WRX, gari linalojulikana vizuri katika gereji za Afrika Mashariki kwa sifa na kwa lawama. Lilizinduliwa Japani mwaka 1992 likiwa na injini ya lita 2.0 yenye nguvu farasi 240, silinda nne zilizolala mbili kila upande kwa muundo uitwao boksa, tabo, ambayo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, gia tano za mkono, na mfumo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne. Kanuni za Kundi A, zilizotawala mbio za magari za ubingwa wa dunia kuanzia 1987 hadi 1996, zilimtaka mtengenezaji awe ametengeneza maelfu ya magari ya aina moja kwa ajili ya wanunuzi wa kawaida kabla ya kuruhusiwa kuyashindanisha, na kwa hiyo gari la mbio lilichongwa kutoka gari la familia lenye viti vitano na buti la kubebea mizigo. Anayesema kwamba WRX halikukusudiwa kupeleka watoto shule anapingana na kanuni zilizolizaa. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Magari yao yalikuwa yamebadilishwa mno chini ya kanuni mpya zaidi, lakini mashabiki waliosimama kando ya njia walichukua nusu tu ya somo, kwa kuwa waliona vumbi na kasi wakasahau mafundi waliokuwa wakikagua na kubadilisha vipuri kabla havijavunjika.

Ubaya wa kuegesha unaanzia ndani ya oili. Petroli inapoungua huzaa maji, na lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji katika hali ya mvuke. Sehemu kubwa hutoka kwa bomba la ekzosi, lakini kiasi kidogo, pamoja na petroli ambayo haikuungua, hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia katika sampu, yaani bakuli la chini ya injini linalohifadhi oili. Injini ikifanya kazi muda wa kutosha hadi oili ikakaribia nyuzi 90 au 100 za selisiasi, unyevu huo hugeuka mvuke tena, ukavutwa na mfumo wa kupitisha hewa na kurudishwa kuunguzwa. Ikizimwa mapema, unabaki humo, unachanganyika na masalia ya mwako na kuzaa tope na asidi. Ndiyo maana desturi ya kuliwasha gari dakika kumi kila Jumapili likiwa limesimama palepale, ambayo wengi huihesabu kuwa ni matunzo, ni miongoni mwa mambo mabaya zaidi yanayoweza kutendewa gari lenye tabo: injini inaongezewa maji na petroli ghafi bila kupewa joto la kuviondoa, na betri inayodhaniwa kuokolewa huenda isirudishiwe umeme wa kutosha. Mshale wa joto kwenye deshibodi huwahadaa wengi, kwa kuwa hupima maji ya rejeta, ambayo hupata moto kabla ya oili, na dereva wa Jumamosi anayeuona umefika katikati hukanyaga mafuta hadi mwisho wakati oili bado ni nzito na tabo, inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, bado inaisubiri ipate moto. Haki inadai kusema pia kwamba anayeishi kilomita tatu kutoka ofisini naye asijisifu, maana safari yake haitofautiani sana na ile ya Jumapili. Gari linataka nusu saa ya barabara.

Yapo mambo mengine yanayozeeka kwa kalenda bila kuangalia kama gari limetembea. La hatari zaidi ni mkanda wa taimingi, mkanda wa mpira wenye meno unaounganisha kranki na kamshafti ili vali zifunguke na kufungwa kwa wakati wake, ambao katika injini ya EJ20 ya gari hili ukikatika, pistoni hugonga vali zilizobaki wazi na kuzipinda. Kikomo kinachotajwa mara nyingi kwa magari ya soko la Japani ni kilomita 100,000, na mwenye kulifunika gari lake turubai, akitembea kilomita 4,000 kwa mwaka, atajiona salama kwa miaka 25, ingawa mpira hukauka na kupasuka mapema zaidi ya hapo, pamoja na beringi zinazouongoza na pampu ya maji inayozungushwa na mkanda huohuo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limelala: yale ya kiwango cha DOT 4 yanapaswa kuchemka si chini ya nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini yakishashiba maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na katika hewa ya Tanga au Mombasa jambo hilo halihitaji miaka mingi. Tairi nazo zina tarehe ya kuzaliwa, tarakimu nne ubavuni ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, na tairi yenye kashata nzima lakini mpira uliokauka ndiyo inayomponyoka dereva penye mvua.

Hoja ya upande wa pili inayostahili heshima ni ya foleni, kwani hakuna anayeweza kukana kwamba Barabara ya Morogoro ya Dar es Salaam saa kumi na moja jioni, au Mombasa Road ya Nairobi wakati wowote mvua inaponyesha, huuchosha mguu wa kushoto. Uchovu wa mguu, hata hivyo, si uchakavu wa klachi. Klachi ni sahani yenye kitambaa cha msuguano inayobanwa kati ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, na presha pleti. Inapobanwa kabisa au inapoachiwa kabisa haichakai, na joto linaloiua huzaliwa pale tu inapoteleza kati ya hali hizo mbili. Dereva anayeacha mbele yake nafasi ya magari mawili, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi yote na kuliacha gari litambae bila kukanyaga mafuta, huitelezesha mara moja pale ambapo jirani yake, anayefukuzia bampa la mbele kila linaposogea, anaitelezesha mara kumi. Ni kweli kwamba nafasi hiyo itavamiwa na daladala, na nyuma yake bodaboda tatu. Basi ivamiwe, kwa sababu hasara yake ni sekunde chache. Msongamano ukisimama kabisa, gia huwekwa fri na mguu huondolewa juu ya pedali, ili beringi ya klachi ipumzike, na kwenye mlima gari hushikiliwa kwa breki ya mkono badala ya kuninginizwa kwa klachi na mafuta kama wafanyavyo wengi kwa majivuno.

Mwenye kulinda klachi yake dhidi ya foleni, kisha akalipeleka gari usiku penye barabara tupu na kuliondoa kwa kishindo injini ikilia, anafanya hesabu ya kinyumenyume. Gari linalosukuma magurudumu mawili likiondolewa hivyo huteleza kwa tairi, na tairi ndizo zinazomeza nguvu iliyozidi. Linalosukuma manne hushika lami, na nguvu hiyo, ikikosa pa kutokea, huishia kwenye klachi na kwenye meno ya gia. Gia boksi ya gia tano ya WRX imejulikana kwa muda mrefu kuwa haipendi mchezo huo. Klachi yenyewe ni kitu cha kuchakaa kama pedi za breki, na bei yake iingizwe katika bajeti ya mwenye gari badala ya kuogopwa.

Kuhusu petroli, imani ya kawaida, kwamba ya vituo vya hapa hailifai gari hili kwa matumizi ya kila siku, ina chembe ya ukweli lakini inautumia vibaya. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kuvumilia shinikizo bila kujiwasha yenyewe, na magari ya tabo ya soko la Japani yalirekebishwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kanuni za nchi hiyo zinaitaka iwe na okteni isiyopungua 96. Petroli ya kawaida ya vituo vya Afrika Mashariki kwa jumla iko chini ya hapo. Kompyuta ya injini ikisikia kugonga, yaani mlipuko usiotakiwa ndani ya silinda, huchelewesha cheche ili kujiokoa, na gari hupoteza nguvu. Likiendelea kulazimishwa, kinachovunjika ni kingo za pistoni zinazoshika ringi. Hatari hiyo ni kubwa zaidi pale dereva anapotia gia kubwa mapema kwa nia ya kubana matumizi, kisha akakanyaga mafuta injini ikiwa katika mizunguko ya chini, na hapo ndipo gia za mkono zinapokuwa kinga, kwa kuwa dereva anaweza kushuka gia kabla ya kilima na kuiacha injini ifanye kazi ikiwa nyepesi. Mwendo wa kazini, ambao mara chache huita shinikizo kubwa la tabo, ni salama kwa petroli hiyo kuliko mbio za Jumamosi.

Wauaji halisi wa magari haya ni wa kuchosha kiasi kwamba hakuna anayewasimulia barazani. Injini ya boksa yenye tabo hula oili kidogo kidogo, na sampu ikipungua, beringi za kranki hukosa utando wa kuzitenga na chuma, zikaanza kugonga. Kijiti cha kupimia oili kinachochomolewa kila wiki kingezuia msiba huo, na anayeliendesha gari kila siku ndiye mwenye nafasi ya kulisikia na kulinusa kabla halijaharibika. Mwingine ni tairi mbili mpya zinazofungwa pamoja na mbili zilizochakaa, jambo lisilo na madhara makubwa kwa gari la kawaida, lakini katika hili linaifanya difu ya kati, kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ipambane na tofauti ya mizunguko njia nzima hadi ichemke. Oili ya gia boksi, ambayo katika Subaru ya gia za mkono hulainisha pia difu ya mbele, husahaulika hadi gia zianze kulia. Kisha kuna vali ya kutema nje hewa ya tabo inayofungwa garini kwa ajili ya mlio: hewa inayotemwa nje ilikwisha kuhesabiwa na kipima hewa, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya hewa isiyokuwepo, na mwenye gari anaufurahia mlipuko wa ekzosi bila kujua kwamba anasikiliza petroli yake ikipotea.

Soko la mitumba ndilo lililoipa imani ya turubai thamani ya fedha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka, lakini baada ya gari kupita bandarini mnunuzi hujikuta akisoma tarakimu moja tu, ile ya kilomita kwenye deshibodi, ambayo fundi mwenye kifaa anaweza kuirudisha nyuma kwa muda mfupi. Kati ya gari lenye kilomita 190,000 pamoja na risiti za mkanda, klachi, oili na mafuta ya breki, na jingine lenye kilomita 60,000, tairi za tangu lilipoingia nchini na mmiliki anayeapa kwamba lilikuwa likitoka Jumamosi tu, fundi makini hutumia dakika chache kuchagua. Bei za matangazo bado zinapangwa kinyume cha uchaguzi wake, na kwa mnunuzi anayejua kusoma risiti hilo ni punguzo ambalo muuzaji hajui kwamba ametoa.