Aliyetia Nuru Picha Tulizozipenda



Wengi wetu tuliokulia Unguja, Mombasa na Dar es Salaam tuliwahi kupanga foleni kuingia picha za Kihindi. Waigizaji twawajua kwa majina, na nyimbo zao hadi leo hazijatutoka. Lakini ni nani kati yetu awezaye kumtaja aliyesimama nyuma ya kamera? Mwezi huu twamkumbuka mmoja wao, V. K. Murthy.

Alizaliwa Mysore, kusini ya India, mwaka 1923. Alisomea upigaji picha za sinema mjini Bangalore, kisha akafuata riziki Bombay. Mwaka 1951, katika picha iitwayo Baazi, alikuwa msaidizi tu. Alishauri namna ya kupiga kipande kilichokuwa kigumu, naye mwongozaji, kijana Guru Dutt, akamwachia akipige mwenyewe. Tangu hapo wakafuatana, na mwaka 1957 wakatoa Pyaasa.

Mwaka 1959 wakatoa Kaagaz Ke Phool, picha ya kwanza ya India kupigwa kwa sinemaskopu, yaani ya kioo kipana. Humo Murthy alitaka mwale wa jua ushuke ndani ya studio yenye giza. Basi kioo cha kujitazamia, kikubwa, kikawekwa nje juani, kikaurusha mwanga kwenye kioo cha pili ndani, nao ukateremka mfano wa nguzo. Kazi ile ilimpatia Murthy tuzo, lakini watazamaji hawakuipokea picha. Guru Dutt hakutia tena jina lake kuwa mwongozaji, na mwaka 1964 akafariki. Leo picha hiyo yahesabiwa miongoni mwa zilizo bora za India.

Murthy alipewa Tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka 2008, iliyo kuu katika sinema ya India, akiwa amekwisha pita miaka 80. Hakuna mpiga picha aliyeipata kabla yake. Alifariki Bangalore mwaka 2014.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, na yule amwangaziaye mchezaji? Katika shughuli zetu za hapa ugenini wako wanaopika, wanaopanga viti, na wanaobaki nyuma kufagia ukumbi sisi tukiwa tumekwisha lala. Tusingoje wafike miaka 80 ndipo tuwataje. Tuwashukuru wangali wanatusikia.