Unene wa batoto wetu si kosa la mama peke yake

Kila mara tunapoleta habari hii mu mkutano wa sendika, kuko baba mumoja anacheka: "Sisi tunatafuta unga, ninyi munasema juu ya batoto banene!" Tunaelewa cheko yake. Mu Katanga kungali batoto wengi wenye hawakomae sawa, juu chakula hakitoshe. Lakini mu nyumba ile ile munaweza kuwa mtoto wa miaka 2 mwenye kukonda, na dada yake wa miaka 12 mwenye kuhema akipanda ngazi za masomo. Sufuria ni moja. Unene huu hautoki mu utajiri. Unatoka mu chakula cha bei rahisi, chenye kujaza tumbo bila kujenga mwili.

OMS inasema mu mwaka 2022 batoto na vijana zaidi ya milioni 390, ba miaka 5 mpaka 19, walikuwa na uzito wa kupita kiasi. Kati yao milioni 160 walikuwa na unene wenye kuhesabiwa kuwa ugonjwa. Hawako bote Ulaya na Marekani.

Tuangalie siku ya mtoto wa kambi. Baba ametoka kazi ya usiku, amelala. Mama amekwenda soko mbele ya jua kutoka. Mtoto anapewa franga kidogo, na kwa mlango wa masomo anapata mikate ya mafuta na sukre. Chupa moja ya sukre ya santilitri 33 iko na sukari karibu gramu 35, ni kama vijiko 8 vya chai. Angetia vijiko 8 mu kikombe mbele ya mama yake, angepigiwa kelele. Mu chupa hakuna mwenye kuona. Na kama robine ya masomo haitoe maji, atakunywa nini? Mama mwenye kuuzisha ile mikate si adui yetu. Mara mingi ni bibi ya mufanyakazi mwenzetu, na ile feza ndiyo inalipa nyumba.

Kisha masomo, atacheza wapi? Viwanja vya mupira vingi vimeuzishwa, vimejengwa, ao vimezungushiwa ukuta. Kule Kolwezi, mu Kasulo, bantu walichimba mpaka chini ya nyumba zao. Barabarani ni malori na mavumbi. Mama anafungia mtoto ndani, na iko na haki. Kijana mwanaume atatafuta njia ya kutoka, lakini binti wa miaka 12 anaambiwa: "Wewe sasa ni mama, wacha kukimbia." Tena tunamusifu kwa kunenepa. OMS inaomba dakika 60 za mchezo ao za kutumikisha mwili kila siku kwa mtoto wa umri ule. Binti zetu wengi hawapate hata nusu.

Ndiyo maana hatukubali wale wenye kuja kufundisha bamama "kupika vizuri" na kurudia mu mji kwa gari. Mama anajua kupika lengalenga. Shida yake ni saa, feza na kiwanja.

Wazee wetu wanakumbuka posho ya Union Minière: unga, samaki ao nyama, mafuta ya ngazi. Mpaka leo bantu wengi wanaita juma "posho". Hatutamani kurudilia mambo ya wakoloni, wazungu walihesabu chakula juu ya kupata mikono yenye nguvu. Lakini chakula na mchezo vilikuwa jambo la kambi nzima. Wakati Gécamines ilianguka, kila nyumba ilibaki peke yake na sufuria yake.

Kuko mfano mu Ufaransa, mu Pas-de-Calais, jimbo lenye liliishi miaka mingi kwa makaa ya mawe. Mu miji midogo miwili, Fleurbaix na Laventie, walianza mu mwaka 1992 kufundisha batoto mu masomo juu ya chakula. Miaka ya kwanza unene uliendelea kupanda, masomo peke yake hayakutosha. Kisha baganga, bakubwa ba mji, bauzishaji na vikundi vya michezo wakaingia, na viwanja vikajengwa. Mu mwaka 2004 batoto wenye uzito wa kupita kiasi walikuwa 8,8 kwa mia, na mu miji mingine ya kufanana nayo 17,8 kwa mia. Ilikamata miaka 12. Mwaka ule ule mpango wa namna ile ukaanza mu miji 10 ya Ufaransa, lakini kampuni za vyakula vya kiwanda zikatoa feza ndani yake. Pale sisi tunasema hapana: mwenye kuuzisha sukari asikuje kuandika jina lake ku kiwanja cha batoto wetu.

Feza ya hapa kwetu iko, mu sheria. Kode minye ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa kadiri ndogo 0,3 kwa mia ya mauzo yake yote ya mwaka juu ya maendeleo ya bakaaji, na bakaaji wako na viti mu kamati yenye kuongoza ile feza. Tena kode ya kazi inalazimisha mwajiri kutunza mufanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Ugonjwa wa sukari wa binti wa leo, kampuni italipa dawa zake kesho. Kiwanja na robine ni bei rahisi zaidi.

Kwa hiyo, wakati wa kuandika ile karatasi yenye kuitwa cahier des charges, delege wetu wasikubali tena mlango wa saruji wenye jina la kampuni. Waombe kiwanja chenye ukuta na miti, na saa za binti peke yao. Waombe maji mu kila masomo. Bamama wauzishaji wasifukuzwe: wapewe kivuli bila kulipa kodi, wale wenye kuleta karanga, ndizi, mayai na bilazi vya kuchemsha. Na munganga apime batoto mahali pa siri, juu mtoto mwenye kuchekwa mbele ya wengine hatarudia.

Na tusiende baba peke yetu. Mama yule wa mikate ya mafuta naye aitwe mu kamati, akamate kiti. Anajua kuliko sisi batoto wanakula nini, na saa gani.