Majina ya samaki wa Turkana yaingie darasani

Mwalimu wa Kiswahili anapompa mwanafunzi wa Kalokol insha ya "Siku niliyokwenda kuvua", anatarajia kusoma nini? Aghalabu anatarajia bahari, ngalawa na jarife, maadamu hayo ndiyo yaliyojaa vitabuni. Mtoto huyo, ambaye pengine jana alfajiri alimsaidia babake kuzitoa nyavu ziwani, hujikuta akisimulia uvuvi wa Lamu ambako hajawahi kufika.

Nakiri kwamba nina upendeleo katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baba yangu, mtu wa Pwani, alikuwa mwalimu Lodwar. Kila likizo ya Agosti alitupakia sote, mama na watoto wanne, katika lori lililokwenda kuchukua samaki Kalokol, mwendo wa kilomita sitini hivi za mchanga na miiba. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja mvuvi wa Longech, kwenye ulimi wa mchanga unaoikinga Ghuba ya Ferguson. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma, hakuna aliyethubutu kuingia majini. Tulikaa ufuoni tukiwatazama vijana wakirekebisha mitumbwi ya magogo ya mkoma, huku wazee wawili wakibadilishana maneno.

Naam, walibadilishana maneno kama watu wanaobadilishana bidhaa. Baba alitoa mshipi, ndoana na chambo. Mzee alimpa iji, ambaye ni sangara, na kokine, ambaye ni ngege. Mama alipomwona samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani, alisema mara moja: "Huyu ni ng'onda!" Mwenyeji wetu alilipenda neno hilo, akawa analitumia kwa madaha mbele ya majirani. Kuna samaki wengine waliopanda na wavu ambao baba hakuwa na jina lao hata kidogo, naye, mwalimu wa Kiswahili, aliyapokea ya mzee bila kuona haya.

Mbona basi sisi tuone haya? Kiswahili cha Kenya kilikwisha kupokea ngege, mbuta na omena kutoka kwa Wajaluo, na hakuna sokoni Nairobi anayeyashangaa. Ziwa Turkana, lililo kubwa kuliko ziwa lolote lingine lililomo karibu lote ndani ya mipaka yetu, limekichangia nini? Nimesoma insha za watoto wa huko ambamo neno la Kiturkana limepigiwa mstari mwekundu na kuandikwa "samaki" juu yake. Sioni kwamba hapo lugha imesanifishwa. Mtoto alikuwa amemtaja samaki mmoja, akarudishiwa samaki wote.

Ng'ambo ya pili ya ziwa, karibu na Loiyangalani, Waelmolo waliiacha lugha yao ya Kikushi na kuhamia Kisamburu. Mwanaisimu Matthias Brenzinger, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, alionyesha kwamba maneno yaliyosalia zaidi ni ya ziwa na uvuvi. Sababu yake si ngumu: Kisamburu ni lugha ya wafugaji, nayo haikuwa na maneno ya kuyafidia. Lakini maneno hayo husalia tu maadamu kuna anayevua. Tangu bwawa la Gibe III lizinduliwe nchini Ethiopia mwaka 2016 kwenye mto Omo, unaoleta sehemu kubwa kabisa ya maji ya ziwa hili, wavuvi wana wasiwasi. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka mbuga za ziwa hilo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Bwawa haliko mikononi mwa mwalimu, ila kalamu nyekundu iko mikononi mwake. Mwalimu wa Kalokol awaombe wanafunzi wamletee, kutoka kwa wazazi wao, jina la kila samaki anayefika gatini, umbo lake, na msimu anaopatikana. Wayaandike ubaoni kwa maelezo ya Kiswahili, kisha wayatumie katika insha bila kutozwa alama. Nami nitashukuru nikipelekewa nakala.